Jumamosi ya Mgeni

Usiku wa jana niliota kikombe kinanifokea, na kabla hujaanza kunicheka nikwambie kabisa kwamba kikombe chenyewe kilikuwa na haki.

Nijieleze kwanza. Naitwa Salha, ila mtaani kwetu Kihonda, hapa Morogoro, jina hilo wanalijua watu watatu. Wengine wote wananiita Mama Tunu. Mimi ni msoma mita wa maji. Jumatatu mpaka Ijumaa nazunguka kwenye mageti ya watu, nyumba arobaini kwa siku, jua kichwani, daftari kwapani. Baba Tunu ni dereva wa katapila, yuko saiti huko Katavi, anarudi mara moja kwa mwezi na vumbi la barabara nzima kwenye suruali. Kwa hiyo usafi wa nyumba ni wangu, siku ya usafi ni Jumamosi, na Jumamosi ikifika mimi sitaki kuongeleshwa.

Basi, katika ndoto ni Jumamosi. Nimepiga magoti sebuleni mbele ya kabati la vioo, beseni pembeni, naosha vikombe vya wageni. Ni kumi na viwili, vyeupe, vina mstari wa dhahabu ukingoni. Nilizawadiwa siku ya harusi. Kila Jumamosi navitoa, naviosha, navikausha, navirudisha kabatini. Havijawahi kutiwa chai hata siku moja.

"Taratibu, Mama Tunu," kikombe cha kwanza kinasema. "Unanitekenya."

"Nyamaza, nina kazi."

"Kazi gani? Wiki iliyopita ulinisugua. Wiki ya juzi ulinisugua. Mimi si mchafu. Unaosha nini?"

"Vumbi."

"Liko wapi?"

Nikakigeuza kwenye mwanga. Hakukuwa na vumbi. Lakini mimi siwezi kushindwa na kikombe nyumbani kwangu.

"Wewe ni kikombe cha mgeni," nikakiambia. "Cha mgeni lazima kiwe safi."

"Mgeni yupi?"

"Mgeni akija."

"Miaka tisa, Mama Tunu!" kikombe kikafoka. "Miaka tisa nasikia harufu tu ya chai ikipita kwenda jikoni! Mimi ni kikombe, na sijui hata kama naweza kushika chai. Huenda navuja!"

Vile vingine kumi na moja vikaanza kugongana na kunung'unika kabatini. Nikataka kuvifungia mlango, ila wakati huohuo mlango mwingine ukafunguka, wa mbele, na mtu akaingia.

Ni mtu mrefu, suti ya kijivu, anavuta begi kubwa la matairi. Sura yake siijui, na bado naiona ya kawaida kabisa, maana amefanana na kila mtu niliyewahi kumsubiri.

"Mimi ndiye Mgeni," anasema. "Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Nikusomee?"

Akatoa karatasi mfukoni. Ilianguka ikajikunjua mpaka ikafika jikoni. Akasafisha koo na kuanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

"'Tunu, shuka kwenye kochi, hilo la mgeni.' Ulisema hivyo tarehe tatu Februari, na mara themanini na sita nyingine. Makochi ni yangu. 'Rudisha taulo jeupe, hilo la mgeni.' Taulo ni langu. 'Sabuni ya kunukia ni ya mgeni, sisi tuna ya mche.' Sabuni yangu. 'Nani kagusa zile sahani?' Hapo hukusema ni za nani, lakini nyumba nzima ilielewa."

Kila alichokitaja kilitii. Makochi yaliinuka na vitambaa vyake vya kufuma, yakaenda kupanga mstari nyuma yake kama watoto wa shule. Taulo jeupe lilikuja kutoka bafuni likiwa limejikunja, likaingia begini. Sabuni ya kunukia ikaruka, ikafuata, ikiwa bado ndani ya karatasi yake.

Nikakitazama kikombe changu.

"Samahani, Mama Tunu," kikasema kwa aibu. "Anaonekana ni mtu wa chai."

Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nikasimama, mikono ina povu.

"Chukua!" nikamwambia. "Beba vyote! Makochi, sahani, vikombe, kapeti, na hilo kabati lenyewe. Unadhani nitalia? Kwanza umenipunguzia kazi."

Na kweli kwa sekunde moja nilijiona mjanja. Sebule tupu inafagiliwa kwa dakika mbili. Nikamwona Mgeni anageuza karatasi upande wa pili.

"Kimebaki kimoja," akasema. "Jumamosi."

"Jumamosi imekuwaje?"

"'Mama, twende uwanjani ukanishikie baiskeli.' 'Jumamosi hii siwezi, nasafisha, wageni wakija je?' Hayo ni maneno ya jana jioni. Ninayo mengine kama hayo ishirini na matatu, tangu baiskeli iletwe." Akaikunja karatasi. "Umesema kwa mdomo wako. Jumamosi ni ya mgeni."

Mlango wa chumbani ukafunguka, na Jumamosi zangu zikaanza kutoka.

Sikuwahi kujua zinakaa chumbani, lakini zingekaa wapi, wakati wageni wakipiga simu kwamba wanakuja, hata wasipofika, kila kitu nakisukumia chumbani. Zilitoka moja moja. Zote zilikuwa zimevaa kanga yangu ya kufanyia usafi, ile iliyotoboka, na zote zilinuka sabuni ya unga. Zilionekana zimechoka. Moja ilikuwa inachechemea. Ziliingia begini bila kuniaga, na begi likawa linameza tu, halijai.

Ya mwisho ilikuwa ndogo na mpya, haijavaliwa na mtu, imekunjwa vizuri. Ilikuwa ya kesho, ile ambayo ningeamka nayo.

Ndipo nikamwona Tunu. Amesimama mlangoni pa jikoni, miaka minane, kijiko mkononi. Baiskeli yake nyekundu iko nyuma yake, bado ina karatasi za dukani kwenye mabomba. Hakulia. Afadhali angelia.

"Nachukua zilizopita na zijazo," Mgeni akasema, "mpaka binti atakapoondoka kwenda kwake."

Nakwambia kweli, ule ujanja uliniisha. Makochi yananunulika. Sahani zinanunulika. Lakini mtoto akishakuwa mkubwa, Jumamosi zake utakwenda kuzitafuta wapi? Ningebaki mimi na sakafu inayong'aa, na yeye angekwenda kwa mumewe hajui kuendesha baiskeli wala hajui mama yake anacheka vipi.

"Huondoki!" nikapiga kelele. "Twende kwa mjumbe!"

Tulikuwa tumeshafika. Sebule yangu imekuwa ofisi ya mjumbe wa mtaa, ina meza, kalenda, na watu wawili kwenye benchi ambao hawahusiki. Mjumbe wetu wa kweli ni Mzee Chitemo, mtu mpole mwenye redio. Kwenye ndoto mjumbe ni ufagio wangu wa chelewa. Amesimama nyuma ya meza, kavaa miwani.

"Shikamoo, Mjumbe," nikasema kwa heshima zote, ingawa juzi tu nilimtumia kuulia mende.

"Marahaba. Kuna nini tena?"

Mgeni akaeleza. Nikaeleza na mimi, kwa sauti kubwa zaidi. Mjumbe akatikisika kidogo, chelewa mbili zikamdondoka, akaomba shahidi.

"Nani anaifahamu nyumba hii kuanzia chini?"

"Mimi," sauti ikatoka kwenye ndoo.

Likatoka tambara langu la deki. Likajikamua kwanza kwa adabu, kisha likapanda kwenye kiti cha mashahidi.

"Jina?"

"Zamani nilikuwa shati la Baba Tunu," tambara likasema. "Nilihudhuria harusi mbili na mahafali. Siku moja nikachanika kwapani, sikuulizwa kitu, nikajikuta kwenye ndoo. Silalamiki. Natoa historia."

"Endelea."

"Nimeideki sebule ile miaka minne. Chini ya makochi nimepita kila wiki. Sijawahi kukuta punje ya wali. Sijawahi kukuta kifungo, wala kipande cha penseli, wala kiatu kimoja cha mtoto. Mjumbe, mimi nimewahi kuazimwa na majirani. Nyumba za watu zina makombo. Pale sebuleni hakai mtu."

"Sasa hao watu wanakaa wapi?"

"Jikoni," tambara likasema. "Mama anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mtoto anakaa kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi. Wanakula hapohapo, miguu imebanana, halafu mama anasema, 'Tuondoke haraka nipige deki.'"

Ofisi nzima ikanigeukia. Hata wale wawili wa kwenye benchi wakanitazama. Nikaona haya, haya ya kutamani ardhi ipasuke niingie. Nilikuwa nataka kusema ni uongo, lakini nilikuwa nimeshika ile ndoo ya kukalia mkononi, sijui ilifikaje.

Mjumbe akavua miwani.

"Mama Tunu, mdomo wako ndio umekuponza. Ulichosema ni cha mgeni ni cha mgeni. Nyumba apewe. Wewe na mwanao mtatoka na vitu ambavyo hukuwahi kusema ni vya mgeni. Taja."

Nikafikiri.

"Sahani tano za plastiki," nikasema. "Sufuria lisilo na mfuniko. Sabuni ya mche. Jumapili, mpaka saa nane, maana baada ya hapo napiga pasi sare za shule."

"Na uchafu," Mjumbe akaongeza. "Uchafu hujawahi kumwekea mgeni. Wote ni wenu. Kesi imekwisha."

Akagonga meza kwa kichwa chake mwenyewe.

Tukajikuta nje, barazani kwetu. Mchana wa jua kali. Mlango umefungwa, na kupitia dirishani namwona Mgeni amekaa kwenye kochi langu amekunja nne, begi liko magotini, anahangaika na zipu. Akishafunga ile zipu basi, Jumamosi ndiyo zimekwenda. Zipu imekwama kwenye pindo la kanga.

Mimi nimekaa kwenye ndoo. Tunu amekaa kwenye kigoda. Pembeni yetu limekaa Vumbi, lote la miaka tisa, limejikusanya likawa na kimo cha mtu mzima, na limefunga mzigo wake mdogo wa kanga.

"Tunakwenda wapi, Mama Tunu?" Vumbi likauliza kwa unyenyekevu. "Mimi popote sawa."

"Hebu niache."

"Nauliza tu nijue kama kuna feni. Feni zinanisumbua."

Tunu akanivuta gauni.

"Mama, sasa sisi ni akina nani?"

"Kivipi?"

"Mle ndani kuna mtu. Sisi tuko nje. Mtu akiwa nje ya nyumba ya watu anaitwaje?"

Nikamtazama huyu mtoto, nikambusu paji la uso, maana wakati mwingine unajifungua mwalimu wako mwenyewe.

"Simama," nikamwambia. "Jipanguse. Tunakwenda kubisha hodi."

Sasa hapa ndipo nikwambie kitu kuhusu kazi yangu. Nilipoanza kusoma mita, msimamizi wetu Bi Debora alinifundisha siku ya kwanza: hodi ni tatu. Ukipiga tatu ukanyamaziwa, unaandika "hakuna mtu," unaondoka, hurudi tena siku hiyo hata ukiona pazia linacheza. Ndivyo ilivyo kila mahali, na mle ndotoni ilikuwa sheria hasa. Nilikuwa na hodi tatu tu, na mle ndani zipu inasogea.

Nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe.

"HODI!"

Ndani kimya. Ila nikaona Mgeni ameshtuka. Ameelewa. Anayeitika "karibu" ndiye mwenyeji, na anayekaribishwa ndiye mgeni, haijalishi kavaa suti gani. Akaingiza mkono begini haraka, akachomoa taulo jeupe, akajiziba mdomo.

"Piga na wewe," nikamwambia Tunu.

"HODIII!" Tunu akapiga kwa nguvu zake zote, mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Mgeni akatikisika kwenye kochi. Macho yamemtoka, mashavu yamemvimba, kile kitu kimemjaa mdomoni kinataka kutoka. Alijiziba kwa mikono miwili. Hakuitika. Kisha akashusha mkono mmoja, akavuta zipu, ikapita pindo la kanga.

Imebaki hodi moja.

"Mama, piga kubwa," Tunu akasema.

Lakini mimi nimebisha hodi nyumba arobaini kwa siku kwa miaka kumi na moja. Najua watu wanaojificha chini ya meza wakisikia msoma mita. Hodi kubwa hawaitiki, hata ungevunja geti. Hodi ya tatu haipigwi kwa nguvu. Unaipiga chini chini, umechoka, una mzigo, unajua utafunguliwa, kama mtu wa nyumba hiyo anayerudi kutoka kazini.

Nikaegemea mlango. Sikulazimika kuigiza. Nilikuwa nimechoka kweli.

"Hodi jamani," nikasema polepole. "Wenyewe mpo?"

"Karibu!" Mgeni akasema.

Ilimtoka tu. Taulo likadondoka. Alikuwa amelelewa vizuri, maskini, na mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuiacha hodi ya namna ile. Nyumba nzima ikashusha pumzi, bati zikalia, mlango ukafunguka wenyewe.

"Nimesikia kwa masikio yangu," akasema Mjumbe, ambaye hana masikio, akiwa ameegemea ukuta. "Mwenyeji ni yeye."

Tukaingia. Niliingia kifua mbele, Tunu nyuma yangu, Vumbi nyuma ya Tunu likivua ndala zake mlangoni. Mgeni alikuwa ameshasimama, suti imemlegea, mikono ameiweka mbele kama watu wanaotaka kupokea mizigo.

"Karibuni, karibuni sana," akasema, na uso wake unaomba msaada. "Karibuni ndani. Jisikieni mko nyumbani."

"Ahsante," nikasema. "Tusikusumbue. Hatukai."

"Haiwezekani," akasema, maana mwenyeji lazima aseme hivyo. "Mtakunywa hata chai."

"Usijisumbue."

"Hamna usumbufu," akasema, akameza mate. "Kaeni. Kaeni kwenye makochi."

Tunu akanitazama kwanza, kwa mazoea. Nikamkubalia kwa kichwa. Akakaa kwenye kochi kubwa, katikati kabisa, akarukaruka mara tatu. Kochi likacheka. Miaka tisa nalo hilo kochi, sikujua kama lina kicheko kinene vile.

Begi likafunguka lenyewe, maana mwenyeji hana safari. Jumamosi zikaanza kutoka, zinajinyoosha, zinavua zile kanga mbovu na kuzitupa kwenye ndoo ya deki. Zile za zamani zikanisalimia zikapita, zikaenda kukaa barazani kupunga upepo. Ya kesho ikabaki. Ikajikunjua, ikaja kukaa karibu na Tunu, ikamuuliza kama ile baiskeli ina kengele.

"Inayo," Tunu akasema.

"Basi vizuri," Jumamosi ikasema.

Kule jikoni tukasikia sufuria zinaanguka. Mgeni hajui sukari iko wapi. Hajui majani yako wapi. Alifungua droo zote, akajigonga kichwa kwenye kabati la juu, akaungua kidole. Nilikaa palepale. Mgeni hasaidii kazi, ni vibaya, unamdhalilisha mwenyeji.

Akaleta chai kwenye vikombe vyeupe vyenye mstari wa dhahabu. Nikakishika kile changu kwa mikono miwili. Kilikuwa kinatetemeka.

"Usiniangushe," kikaninong'oneza. "Naona joto. Mama Tunu, ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Sivuji!" kikapiga kelele. "Jamani, sivuji!"

Na vile vingine vikaitikia kwenye sinia, sivuji, sivuji, mpaka Tunu akacheka, mkono ukamcheza, na chai nusu kikombe ikamwagika juu ya kitambaa cha kufuma, ikashuka kwenye kochi, ikafika kwenye kapeti.

Makochi, vikombe, Jumamosi, wote wakanitazama mimi. Nikajisikia ile kelele yangu inapanda kutoka tumboni, ile ya kila siku. Halafu nikakumbuka mimi ni mgeni. Nikanywa chai yangu.

"Loo, mtoto huyu," nikasema kwa utulivu. "Kakuchafulia kochi."

"Hamna neno," Mgeni akasema, meno yamebanana. "Ni mtoto tu."

Mwenzangu, utamu wa yale maneno! Nilitamani ayarudie. Nikatazama sakafu, polepole, kutoka mlangoni mpaka ukutani, kwa yale macho ambayo wageni wa kweli wanayo na wanadhani hatuyaoni. Nikavuta miguu kidogo tu.

Jasho likamtoka.

"Naona nipige deki," akasema.

"Usijisumbue," nikasema, nikajimiminia kikombe cha pili.

Akalichukua tambara, akalichovya, akainama na suti yake. Ilikuwa wazi hajawahi kudeki hata hatua moja maishani. Alianzia mlangoni akawa anarudi nyuma kuelekea ukutani.

"Kaka, anzia ndani utokee mlangoni," tambara likamshauri. "Nina uzoefu."

"Najua ninachofanya," akasema Mgeni.

Akadeki. Nisimwonee, alideki vizuri, alisugua mpaka sakafu ikawa inaonyesha dari. Vumbi lilipoona vile likachukua mzigo wake, likatuaga kwa mkono mmoja mmoja, likasema litajaribu nyumba ya pili. Mgeni aliendelea kurudi nyuma, kushoto, kulia, kushoto, mpaka makalio yakagonga ukuta. Akainuka. Yuko kwenye kona, karibu na meza ya televisheni, tambara mkononi, na viatu vyake vyeusi vikubwa hajavivua tangu alipoingia. Mbele yake sakafu yote ni maji.

Akanyanyua mguu mmoja.

Mimi ni mgeni, sawa, lakini kuna kitu mama yeyote hawezi kukizuia. Kilinitoka kwa sauti ambayo majirani wote wanaijua.

"USIKANYAGE! BADO MBICHI!"

Mguu ukarudi chini. Akasimama wima, visigino ukutani, mikono ubavuni.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka ikauke."

"Itakauka lini?"

Nikatazama dirishani, nikapima hewa kwa kidole.

"Leo kuna unyevu," nikamwambia. "Tunu, nyanyua miguu mwanangu. Unataka chai nyingine?"

Tukanyanyua miguu yetu juu ya kochi, mimi na yeye na Jumamosi, tukanywa chai. Nilikuwa na furaha ambayo sijui nikuelezeje. Nilitaka kumchokoza Mgeni zaidi, nimuulize kama hana hata biskuti, na palepale nikaamka.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua limeshaingia dirishani. Nikakasirika kwanza, maana kikombe cha pili sikukimaliza. Kisha nikakumbuka ni Jumamosi, na mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta kanga ya kufanyia usafi. Nikaifunga kiunoni, nikatoka chumbani huku napiga miayo, nikaingia sebuleni, na mguu ukateleza.

Nikajishika mlango. Nikainama nikagusa chini.

Sakafu ilikuwa mbichi. Yote, ukuta kwa ukuta, inang'aa, inanuka sabuni ya kunukia.

Komeo la mlango wa mbele lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama nilivyoliacha. Baba Tunu yuko Katavi, juzi tu aliniambia mvua imewakwamisha. Nikarudi chumbani kwa Tunu, nikamkuta amelala mdomo wazi, nikampapasa nyayo. Kavu.

Nikarudi mlangoni pa sebule, nikachungulia vizuri. Kwenye kona, karibu na meza ya televisheni, palikuwa na sehemu mbili ambazo hazikulowa. Zilikuwa sambamba, kubwa kama mikate ya boflo, visigino vimegusa ukuta na vidole vinanielekea mimi. Hakukuwa na hatua ya kwenda pale wala ya kutoka.

Halafu nikafungua ile kanga, nikaitundika kwenye msumari, nikaenda kumwamsha mtoto.

"Amka, Tunu. Vaa, tunatoka."

"Tunatoka?" Alikuwa bado na usingizi. "Leo si unasafisha?"

"Pameshasafishwa," nikamwambia. "Pitia mlango wa jikoni, sebuleni bado pabichi."